Mama na Tundu la Melaka

Mama yangu haelewi kwa nini nyumba ya watu iwekewe kamba. Kwake yeye, ukishapiga hodi ukakaribishwa, umekuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hukaa.

Tulikwenda Malaysia kwa mahafali ya mdogo wangu, naye akatupeleka Melaka kuona nyumba ya zamani ya Waperanakan, iliyokarabatiwa ikawa makumbusho. Waperanakan ni uzao wa wafanyabiashara wa Kichina waliolowea huko wakaoa wenyeji; wanaume huitwa Baba, wanawake Nyonya. UNESCO iliutia mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na naona tangu hapo kila kigoda kina kamba yake.

Nyumba zao ni nyembamba kwa mbele, lakini ukiingia hufiki mwisho. Katikati huachwa uwazi usio na paa, wa kuleta hewa na mwanga. Mvua nayo hupita humo humo, na wenyewe huihesabu kuwa ni mali inayoingia nyumbani. Siku hiyo mali iliingia kwa wingi, yote ikamwishia mwanangu aliyekuwa akitazama juu, mdomo wazi.

Binti aliyetutembeza alituomba tusiguse kitu. Mama akaitikia, "Haya, mwanangu," kwa Kiswahili. Hapo nikajua hajaahidi lolote.

Jikoni, nyuma ya kamba, kando ya jiwe la kusagia viungo, palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Ubao wa kukalia, ulimi wa chuma, meno: ile ile iliyoko kwetu Tanga. Mama akainyanyua kamba, akakusanya kanga yake, akaketi. Akapitisha kidole kwenye meno.

"Butu. Nazi hapa utakuna mpaka Idi."

Binti wa watu akashika kifua. Mdogo wangu akamwambia mama anamsifu fundi.

Tukamwahisha ghorofani, tukidhani huko kuna amani. Chumba cha kulala kilikuwa na tundu sakafuni, ambalo wenye nyumba walilitumia kumchungulia mgeni aliyeko sebuleni kabla hawajashuka kumlaki. Kabla binti hajamaliza kueleza, mama alishalala kifudifudi.

Sebuleni alibaki mume wangu, kwa kisingizio cha magoti. Ana sukari. Na Melaka huuzwa vile vibiskuti vya Kinyonya vyenye jamu ya nanasi.

"Baba Salma!" Sauti ikashuka kutoka darini. "Hicho cha ngapi?"

Mtu mzima mwenye mvi akatazama kuta, akatazama picha za mababu wa watu, akajibu, "Cha kwanza, mama. Wallahi."

"Na makombo ya shatini?"

Kimya. Hata binti, asiyejua neno la Kiswahili, alielewa, akageukia dirishani mabega yakimtikisika.

Nyumba ile ina zaidi ya miaka 100, na tundu lake bado linafanya kazi iliyokusudiwa. Msomaji, ukienda Melaka na mama mkwe, vibiskuti vyako vimalizie barabarani.