RAM Iliyomchangia Mjomba

Mtaani kwetu homa yoyote ni malaria mpaka maabara ikatae, na kompyuta yoyote inayosumbua ina virusi. Deskitopu yangu ya mtumba ilipoanza kujizima katikati ya kazi na kutoa skrini ya bluu yenye kisura cha huzuni, kila aliyeingia sebuleni alikuwa na jibu kabla hajakaa. Shemeji alisema virusi. Jirani, ambaye hana kompyuta, alisema virusi. Fundi naye alisema virusi, ila yeye kwa malipo: akapiga Windows upya, akapuliza vumbi kwa blowa hadi paka akahama nyumba, akachukua chake akaenda. Kesho yake skrini ya bluu ikarudi, safari hii juu ya Windows mpya.

Ningevumilia, lakini nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, na orodha ya michango ilikuwa humo humo: singo Sh 50,000, dabo Sh 100,000. Kwenye kikao cha Jumapili nikaisoma kwa sauti, na mjomba akatokea na laki moja.

Watu wakatazamana. Mjomba wetu mpaka leo anabip. Mwenyekiti akasimama kumpongeza, makofi yakapigwa, na mjomba mwenyewe, aliyekuwa palepale, akayapokea kwa unyenyekevu mkubwa. Mweka hazina peke yake hakupiga. Alitazama daftari lake, akanitazama mimi, akarudi kwenye daftari. Kwake mjomba alikuwa singo, na hapo nikajua kwamba nisipoipata ile hitilafu, nitakula harusi nikiwa mtuhumiwa.

Aliyeniokoa ni binti wa kaka yangu, anayesomea kompyuta chuoni.

“Shikamoo, ba’mdogo. Ukiiwasha inalia?”

Nikamwambia siku nyingine hulia, na ikilia haileti picha. Tunaizima, tunaiwasha tena, inakubali. Akanitazama kwa huruma. Milio ile ni lugha, kila kampuni na yake, na mara nyingi inapolia bila picha inalalamikia RAM. Miezi yote ile mashine imekuwa ikitoa taarifa, na sisi tunaigonga ubavuni.

Akachomoa waya wa umeme, akashika chuma cha boksi kwanza ili umeme tuli mwilini mwake usiunguze kitu, akatoa vile vijiti viwili vya RAM. Akasugua meno ya dhahabu ya vijiti hivyo kwa ufutio wa penseli wa mwanangu, maana hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, na meno yakichafuka mawasiliano hukatika. Akavirudisha mpaka vibanio vikalia “ta!” Ikawaka vizuri. Baada ya swala ya isha, bluu.

“Basi tuipime,” akasema. Akaweka Memtest86+ kwenye flashi, akaacha kijiti kimoja tu. Programu hiyo inaandika kitu kila mahali kwenye RAM kisha inasoma kama kimebaki vilevile, na haina haraka. Ilipokaribia mwisho umeme ukakatika. Tukaanza upya. Kijiti cha kwanza kikatoka safi. Cha pili kikajaza skrini mistari myekundu. Akakihamishia tundu lingine, asije akakisingizia kumbe tundu ndilo bovu, na wekundu ukakifuata.

Wakati tunasubiri alinieleza kwamba kijiti cha GB 8 kina biti zaidi ya bilioni 68, kila moja ni chaji ndogo inayovuja, kwa hiyo lazima ikumbushwe kila baada ya milisekunde 64, la sivyo inasahau. Mke wangu akasema anamfahamu mtu wa hivyo, na mtungi wa gesi bado haujaletwa.

La mjomba nalo likapata maelezo. Kwa jinsi programu za hesabu zinavyohifadhi namba, biti moja tu ikipinduka mahali pake, 50,000 inakuwa 100,000 kamili. Haikupungua, haikuzidi. Mweka hazina aliniomba nirudie, kisha akafunga daftari.

Kariakoo muuzaji mmoja alitaka kunipa DDR4 wakati mashine yangu ni DDR3. “Inaingia tu, bosi, unasukuma kidogo.” Haiingii: moja ina meno 288, nyingine 240, na pengo la katikati halilingani. Nikapata yangu duka la tatu.

Ikabaki kumwambia mjomba, ambaye kadi ya dabo ilishamfikia. Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba hiyo ni kazi ya katibu. Nikaenda, nikamweleza chaji, biti na milisekunde. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu, kompyuta ikishaona nimetoa laki, mimi ni nani nibishane nayo?”

Kisha akaniuliza kama kadi ile inaruhusu na mtoto.