Mwongozo wa Mjumbe Mpya Aendaye Arusha Kuleta Amani

Ndugu mjumbe, hongera kwa kuteuliwa. Nchi yako inawaka moto, nawe umepewa kazi ya kuuzima ukiwa hotelini. Usitie shaka. Njia imekwisha kanyagwa: Warundi waliipita mjini Arusha tangu Juni 1998 hadi Agosti 2000, na hakuna hila ya mazungumzo ambayo hawakuijaribu. Fuata hatua zifuatazo bila kuruka hata moja. Ukizifuata utasaini mkataba. Kama vita vitakwisha au havitakwisha, hilo halimo katika mwongozo huu.

Kwanza, uwe na chama. Mezani Arusha zilikaa pande 19: serikali, Bunge na vyama 17. Usihangaike kutafuta wanachama, hakuna atakayewahesabu. Chama kinachoenea ndani ya Hiace moja, dereva akiwa ndiye katibu mwenezi, hupata kipaza sauti na chupa ya maji sawasawa na chama kilichowahi kushinda uchaguzi. Kinachotakiwa ni mhuri, karatasi yenye nembo na mwenyekiti, ambaye ni wewe. Kisha tafuta kundi. Vyama saba vya Wahutu vilijikusanya vikaitwa G7; kumi vya Watutsi vikaitwa G10. Ukishaingia kundini, pumzisha akili. Tahadhari: usiseme neno la busara kabla kundi halijakutana. Utaambiwa umenunuliwa, na utashangaa kwamba bei yako inajulikana hadi na mhudumu wa chai.

Pili, funga mizigo ya safari ndefu. Beba koti, maana Julai ya Arusha ina baridi inayoshuka kutoka Mlima Meru bila kupiga hodi. Panda ndege, usije kwa barabara. Na ujue mapema kwamba posho huhesabiwa kwa siku za kikao, si kwa kurasa zilizokubaliwa. Hesabu iliyobaki ifanye mwenyewe kimoyomoyo. Kikao kikianza kufika mahali, omba mapumziko ya mashauriano. Kikikaribia kabisa, sema tafsiri ya aya ya tatu haijakaa sawa. Tahadhari: anayemaliza mapema hukosa posho, na hurudi nyumbani na tuhuma.

Tatu, chagua mwaka wako. Kamati zilikuwa tano, na ya kwanza ilipewa kazi ya kueleza asili ya mgogoro. Upande mmoja huanza kuhesabu 1972, Wahutu walipouawa maelfu kwa maelfu, na waliosalimika wengi wakavuka mpaka wakaishia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Upande wa pili huanza Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye miezi mitatu tu baada ya kuapishwa, na Watutsi vijijini wakauawa kwa kisasi cha kosa ambalo hawakulitenda. Miaka yote miwili ni ya kweli. Kwa hiyo shikilia kwamba wa kwako ndio wa kweli peke yake. Mkichoka, undeni tume. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoandikwa Arusha mwaka 2000 ilipata makamishna wake mwaka 2014. Tahadhari: usikubali wafu wa mwenzako wahesabiwe kwanza, hata kwa adabu ya kumpisha mgeni.

Nne, wenye bunduki wabaki nje. Hii ndiyo kanuni kuu, na ndiyo wageni huikosea. Mtu asiyejua mambo hudhani kwamba ili kusimamisha vita sharti uwaite wanaopigana. Mezani Arusha kulikuwa na CNDD na Palipehutu, majina ya kutisha kweli. Ila wapiganaji wa chama cha kwanza walikwisha jitenga wakaitwa CNDD-FDD, wa cha pili wakaitwa Palipehutu-FNL, na wote walikuwa msituni wakiendelea na shughuli zao. Ukumbini zilikaa nembo. Risasi zilikuwa na ratiba yake. Faida ya mpango huu ni utulivu: hakuna anayepiga meza akaeleweka vibaya. Tahadhari: usiulize anayepiga mabomu usiku ni nani. Swali hilo huvuruga ajenda.

Tano, mlalamikie msuluhishi. Akiwa jirani, sema anapendelea. Mwalimu Nyerere alishutumiwa hivyo, hasa kwa kuwa nchi za jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo tangu 1996 hadi Januari 1999. Akitoka mbali, sema hayaelewi ya kwenu. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999, nafasi ilichukuliwa na Nelson Mandela, ambaye aliwakaripia wanasiasa hadharani, watu wazima na suti zao. Ukikaripiwa, inamisha kichwa, andika kitu kwenye daftari, kisha urudi kundini mkaendelee mlipoishia. Tahadhari: usimsimulie mzee aliyekaa jela miaka 27 jinsi ulivyoteseka tangu upoteze uwaziri. Hatalia.

Sita, gawaneni viti. Hapa ndipo usingizi huisha ukumbini. Hesabu iliyoanzia Arusha na kukamilika katika katiba ya 2005 ilisema hivi: serikalini na bungeni Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wasizidi 40, Seneti nusu kwa nusu, jeshini kabila lolote lisizidi nusu, Watwa wabunge watatu na maseneta watatu, wanawake wasipungue asilimia 30. Hao wanawake, mlipokuwa mezani, walibisha hodi muda mrefu hadi wakapewa viti vya watazamaji, wakafanya mkutano wao Julai 2000. Usiicheke hesabu hii. Jeshi lililozoea kuwa la upande mmoja lilichanganywa kweli, na wapo waliolala usingizi wao wa kwanza kwa sababu hiyo. Ila kumbuka mipaka yake: asilimia hugawa viti, haigawi shamba. Akija mkimbizi wa 1972 akakuta mwingine anavuna kahawa ya baba yake, hakuna desimali ya kumsaidia. Tahadhari: usimwahidi kitu. Mwelekeze kwenye tume.

Saba, saini kabla hamjamaliza. Siku hupangwa na ratiba ya mgeni rasmi, si na makubaliano. Tarehe 28 Agosti 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alikuja Arusha kushuhudia, na mgeni aliyetoka mbali namna hiyo huwezi kumwambia arudi Jumanne. Mkataba ulikuwa umekamilika, isipokuwa mambo mawili: haukuwa na usitishaji wa mapigano, na haukusema nani ataongoza mpito. Vyama vingine vilikataa siku ile, vikasaini majuma machache baadaye. Vingine viliambatisha mapingamizi yao nyuma ya saini. Jifunze mtindo huo, mkono ukubali na mdomo ukatae. La uongozi likaja kupatiwa dawa mwaka uliofuata: miezi 36 ikakatwa katikati kama mkate, Pierre Buyoya aliyeingia kwa mapinduzi ale nusu ya kwanza kuanzia Novemba 2001, Domitien Ndayizeye ale ya pili. CNDD-FDD walisubiri msituni hadi 2003, wakaja mezani wakiwa na bunduki zao, wakasaini, na mwaka 2005 kiongozi wao, Pierre Nkurunziza, akawa Rais. Tahadhari: usijilinganishe naye. Wewe ulikuwa na koti tu.

Nane, wekeni ukomo wa madaraka, kisha acheni mlango wazi kidogo. Arusha ilisema mihula miwili, basi. Lakini rais wa kwanza baada ya mpito alichaguliwa na Bunge, si kwa kura ya wananchi wote. Katika tofauti hiyo ndogo muhula mzima hupenya. Mwaka 2015 Nkurunziza akataka wa tatu, watu wakaingia barabarani, na Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba ule wa kwanza hauhesabiki. Mei mwaka huo huo majenerali wakajaribu kumpindua Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano kuhusu nchi yake mwenyewe, wakashindwa. Na zaidi ya watu 300,000 wakaihama nchi. Ikaonekana ni vyema pande zote zizungumze. Msuluhishi akateuliwa Mzee Benjamin Mkapa. Mahali pakachaguliwa Arusha. Tahadhari: usitupe beji yako ya zamani.

Umefika mwisho, ndugu mjumbe, na kama umesoma kwa makini umeona kwamba hatua ya nane inakurudisha ya kwanza. Usione haya, si wewe wa kwanza. Wapo waliozunguka kama wewe bila posho. Kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, ilifungwa mwishoni mwa 2012, na waliokuwamo wakarudishwa Burundi kwa sababu amani ilikuwa imepatikana na mkataba upo. Mwaka 2015 baadhi yao walivuka tena na ndoo zao na watoto wao, wakapelekwa Nyarugusu na baadaye Nduta, Kibondo. Hao hawakuhitaji mwongozo, njia waliijua.

Tahadhari ya mwisho: ndiyo maana nilikuambia upande ndege. Ukija kwa barabara unaweza kupitia Kibondo, na huko kuna watu watakaokutambua.