Namna ya Kumkaribisha Msaliti Nyumbani na Kumpa Chakula

Ukitaka watu wako wadanganyane vizuri Jumamosi usiku, alika wanaopendana. Hilo ndilo sharti la kwanza, nalo ni gumu kuliko yote yatakayofuata. Mawifi wawili ambao hawajasalimiana tangu Pasaka usiwaketishe meza moja ukawaambia watafute msaliti. Watampata kabla hujagawa kadi. Mwite jirani mnayeazimana ngazi, mdogo wako anayekuja kulala bila kupiga simu, mwenzako wa kazini aliyekesha nawe msibani. Hao ndio wanaoweza kuambiwa usoni kwamba ni waongo wakacheka mpaka machozi.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya mezani ambayo kundi zima lina kazi moja ya kufanya kwa pamoja, ila ndani yake wamo wachache waliopewa kwa siri kazi ya kuiharibu. Wanaojulikana kama waanzilishi wa mtindo huu ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moscow, ambako Dmitry Davidoff alibuni Mafia mwaka 1986. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akauhamishia kijijini, wauaji wakawa watu wanaogeuka mbwa mwitu usiku. Baadaye ikaja michezo ya kwenye maboksi: Shadows over Camelot mwaka 2005, ambamo huenda msaliti asiwepo kabisa na bado watu wakashukiana hadi mwisho, Battlestar Galactica mwaka 2008, kisha The Resistance wa Don Eskridge na ndugu yake Avalon wa mwaka 2012. Vijana wa nyumbani kwako wanaujua mtindo wenyewe kupitia Among Us, mchezo wa simu uliovuma mwaka 2020.

Si kila mmoja unafaa kwetu Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Sisi tupo mbali. Mgeni anayetoka Mbagala amebadili gari zaidi ya mara moja, akapita Kimara na stendi ya Magufuli pale Mbezi, na bado ana bodaboda ya kumwingiza Hondogo au Kibwegere. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchezesha Mafia ukamuua raundi ya kwanza. Atakaa kochini akitazama wenzake wakicheka, nauli yake imekwisha, na hata kuongea haruhusiwi. Battlestar Galactica nao ni mzuri sana, lakini unakula saa mbili, tatu, hata zaidi, na magari ya usiku hayamsubiri mtu amalize mchezo. Mimi nachagua The Resistance bila kusita. Hatolewi mtu mpaka mwisho, mchezo mmoja ni kama nusu saa, na kwa kuwa siri yote imo kwenye kadi za aina mbili tu, unaweza kuucheza bila kununua boksi lolote.

Karata za kawaida zinatosha. Nyekundu, yaani kopa na uru, ni za waaminifu. Nyeusi, shupaza na pau, ni za wasaliti. Ila zipo nyumba, na ni nyingi tu, ambamo karata haziingii ndani kwa sababu zinahesabiwa kuwa mambo ya kijiweni na kamari. Iheshimu nyumba ya watu. Chukua kadi za mchango wa harusi zilizojaa kwenye droo, chagua za harusi moja ili migongo ifanane, andika M kwenye nyingine na L kwenye nyingine. M ni mjumbe, L ni mlaji. Maana hadithi ya wapelelezi na serikali dhalimu iliyomo kwenye mchezo wa asili haina haja ya kuvuka bahari. Sisi tuna kamati ya harusi.

Chukua watu saba, idadi iliyo tamu kuliko zote. Wanne ni wajumbe wema, watatu ni walaji. Kila mmoja anaangalia kadi yake na kuifunika. Mwenye nyumba anasema: wote fumbeni macho, walaji fumbueni, tazamaneni, fumbeni tena, sasa wote fumbueni. Wakati macho yamefumbwa kila mtu apige-pige meza kwa vidole, ili kiti kikilia kisimponze mtu. Kuanzia hapo walaji wanajuana, wajumbe hawajui chochote.

Kamati ina kazi tano: kukodi ukumbi, kumlipa mpishi, kumpata mshereheshaji na muziki, kutafuta magari, na keki. Ukumbi unashughulikiwa na watu wawili, mpishi watatu, mshereheshaji watatu, magari wanne, keki wanne. Mwenyekiti wa zamu anapendekeza nani waende. Wote wanajadili, kisha wanapiga kura kwa wakati mmoja, kidole gumba juu au chini. Pendekezo likikosa wengi, uenyekiti unahamia kwa anayefuata. Kamati ikikataa mara tano mfululizo, walaji wameshinda, kama harusi nyingi zinavyotaka kuvunjika kwa vikao. Wakikubaliwa, kila aliyeteuliwa anapewa kadi nyingine mbili, ya kufanikisha na ya kuharibu, anatoa moja kimyakimya, na zile zilizotolewa zinachanganywa kabla ya kufunuliwa. Mjumbe mwema lazima atoe ya kufanikisha. Mlaji ana hiari. Ikionekana hata moja ya kuharibu, hela imeliwa, isipokuwa kazi ya nne ya magari, ambayo kwa watu saba huharibika tu zikitoka mbili. Upande unaopata kazi tatu ndio mshindi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda wengi: kumwambia mkubwa wako kwamba ni mwizi. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wazee, na mchezo unadai umtazame mjomba machoni. Nimeona vijana werevu wakipoteza mchezo mzima kwa sababu aliyeshukiwa alikuwa baba mkwe. Dawa tunayo siku zote, nayo ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi walitaniana tangu enzi za misafara iliyotoka bara kushuka pwani, na mpaka leo mtani anaweza kuja msibani akafanya vituko ambavyo mwingine angefukuzwa navyo, na wafiwa wakapumua. Bibi na mjukuu wana utani wao. Shemeji na shemeji wana wao. Kwa hiyo panga viti kwa kufuata utani. Mwanzo wa usiku mjukuu akae karibu na bibi, shemeji mkabala na shemeji, na shutuma za kwanza zitoke kwao. Mlango ukishafunguliwa na wenye haki ya kutaniana, wengine wataingia taratibu. Baada ya raundi mbili utamsikia kijana akisema, "Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hela ya ukumbi umeila wewe." Na mzee ataitikia "Marahaba" kwa utulivu unaotia wasiwasi zaidi.

Viapo ni marufuku. Litangaze hili kabla ya kugawa kadi, na ulisimamie bila huruma. Kwenye meza zetu anakaa Mwislamu na Mkristo, na wote tuna mazoea ya kumwita Mungu tukibanwa. Mtu akishasema wallahi, au haki ya Mungu, au akamtaja marehemu mama yake, ama amemwingiza Mungu kwenye uongo wa kadi, jambo ambalo litamkaa rohoni akirudi nyumbani, ama amesema kweli na kuua mchezo, kwa kuwa asiyeapa atajulikana papo hapo. Wala usikubali ushahidi wa nje ya meza. "Huyu hata mchango wa maji pale uani hatoi" ni maneno ya kweli yaliyovaa nguo ya mchezo, na kesho asubuhi bado yatakuwa kweli. Wala pesa isiwekwe mezani, hata mia.

Ukipewa kadi ya mlaji, pole, na hongera. Usiharibu kazi ya ukumbi. Mmekwenda wawili, ikifunuliwa kadi mbaya, umebakiza mshukiwa mmoja tu wa kukusaidia kubeba lawama, na umeshajitaja nusu. Tulia, fanikisha, jenga jina. Kama siku zote ni mkimya, endelea kuwa mkimya. Kama ni msemaji, sema. Wanaokujua hawapimi maneno yako, wanapima mabadiliko yako. Mlaji mwenzako akikamatwa kweli, mkamate na wewe, tena kwa uchungu, kwani kumtetea hakutamwokoa na kutakuzika naye. Mkienda walaji wawili kwenye kazi ya mpishi, mmoja tu atoe kadi ya kuharibu. Mkitoa wote wawili, kamati imeshajua kwamba kati ya watu watatu wawili ni wezi, na hapo mchezo umekaribia kwisha. Hamruhusiwi kunong'onezana, kwa hiyo itabidi mwenzako umsome.

Fundi mkubwa wa somo hili kwa pwani yetu yumo kwenye habari za shujaa Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliziweka katika utenzi mwaka 1913. Maadui walimwalika Liyongo kwenye kikoa cha kula makoma: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake, na ikifika zamu yake wampige mishale akiwa juu. Mpango ulipendeza, ila ulimtaka mtu anayewindwa afanye jambo moja mahsusi. Liyongo hakupanda. Aliyaangua makoma kwa mishale yake kutoka chini. Aliyefaulu baadaye alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyekwenda kwa baba yake, akakaa naye, na kumuuliza kwa upole ni kitu gani kinachoweza kumuua. Mlaji anayetunga hila ya hatua tano ataanguka hatua ya pili. Aliyeketi karibu nawe akakumiminia chai ndiye wa kuhesabiwa.

Kwa upande wa wajumbe wema, ushauri wangu mkuu ni kuacha kusoma nyuso na kuanza kusoma kura. Uso hudanganya pande zote mbili. Mtu mwema akishutumiwa bure hutoka jasho na kugugumia kuliko mwizi, na wengi wamefukuzwa kwenye kazi kwa sababu ya haya zao tu. Kura haigugumii. Chukua daftari la shule, andika kila pendekezo: nani alipendekeza, nani aliinua kidole, nani alishusha. Tuseme ukumbi ulifanikiwa kwa watu wawili, kisha wawili haohao wakaenda na wa tatu kwa mpishi na kazi ikaharibika. Meza nzima itamrukia yule wa tatu. Shikilia ulimi wako kidogo. Mmoja wa wale wawili angeweza kabisa kutulia kwenye ukumbi ili apate nafasi hii hii. Rudi kwenye daftari uangalie nani alipigia debe kundi lile, na nani, bila sababu yoyote, alikubali kundi ambalo yeye hamo. Mjumbe mwema hujijua mwenyewe tu, kwa hiyo kundi asilokuwemo linapaswa kumtia hofu. Anayelikubali upesi, tena akitabasamu, ana anachokijua.

Kuhusu chakula, kuna sheria moja tu isiyovunjwa: mihogo ya kukaanga na chachandu isubiri hadi mwisho. Tone moja la mafuta kwenye mgongo wa kadi ya kuharibu, na mlaji atajulikana usiku mzima. Toa bisi, karanga kavu, kahawa na kashata iliyokatwa vipande vidogo. Umeme ukikatika msisimame. Washeni tochi ya simu moja, ilazeni juu ya glasi ya maji katikati ya meza, simu nyingine zikae pembeni. Shutuma gizani zina ladha yake, na raundi hiyo ndiyo watakayoisimulia.

Mchezo ukiisha, usiruhusu mtu asimame kabla kadi zote hazijafunuliwa. Kila mlaji aeleze alichofanya na lini, na kila mjumbe aseme alimshuku nani na kwa nini. Dakika hizo kumi si za kurukwa. Hapo ndipo aliyelaumiwa bure anaombwa radhi, na uongo wote wa usiku ule unawekwa wazi mbele ya waliodanganywa, usibaki hata mmoja wa kurudi nao nyumbani. Ukiona mtu bado amekunja uso, chezeni tena mara moja, umpe nafasi ya kulipiza kisasi, kisha leta mihogo. Wageni wa mbali wasindikizeni kwa pamoja hadi barabarani, mshutumiwa na mshutumu wakiwa kundi moja, na msiwaache mpaka wapate gari.

Mkiwa watano au sita, walaji ni wawili, saba hadi tisa, watatu, kumi, wanne. Chini ya watano usihangaike, chezeni bao. Kadi za mchango unazo tayari kwenye droo, na majirani wako Jumamosi wapo. Wagongee mlango.