Mhadhara wa Barafu, na Mtaalamu Asiyealikwa

Waheshimiwa mabibi na mabwana, akina mama wa kamati ya chai, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe: Mtaalamu amewasili. Saa inasema amechelewa dakika 40, lakini mtu wa hadhi yake hachelewi, hungojwa. Somo la leo ni barafu na ndege ndogo za watu binafsi. Mtaalamu ana miaka 19 ya kupambana na barafu hapahapa London, mingi akiwa ameinama ndani ya majokofu ya mabucha, bisibisi mkononi. Wako waliosomea mambo haya vyuoni. Amewasamehe.

Wasio wataalamu hudhani barafu ya ndege huletwa na baridi kali peke yake. Mchawi hasa ni unyevu. Ndani ya wingu matone ya maji yanaweza kubaki majimaji hata joto likiwa chini sana ya sifuri, kwa kuwa hayajapata kitu cha kugandia. Yanasubiri tu. Ndege inapopita, yamekipata: ukingo wa mbele wa bawa, propela, mkia, waya wa redio. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Huko mawinguni kinachoelea huundwa upya, bila fundi kuulizwa.

Na si lazima barafu iwe nene. Utando mwembamba wenye mkwaruzo wa msasa unaweza kuipunguzia ndege asilimia 30 ya nguvu ya kunyanyuka na kuiongezea asilimia 40 ya ukinzani wa hewa. Rubani mzoefu huanza kutazama kijiti cha kipimajoto kinachochomoza nje ya kioo, maana vitu vyembamba huota barafu kabla ya vinene. Kwa sababu hiyohiyo mkia, ambao ni mwembamba kuliko bawa na hauonekani kutoka kwenye usukani, unaweza kuwa umeshaelemewa wakati bawa limepauka kidogo tu.

Ndege kubwa za abiria hupasha mabawa kwa hewa ya moto kutoka kwenye injini. Baadhi ya ndogo zina mipira inayofutuka na kuibandua barafu, au mfumo uitwao TKS, uliobuniwa na Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao hulifanya bawa litokwe na jasho la glikoli kupitia vitundu vidogo mno. Cessna 172 ya kawaida, ya aina inayoegeshwa Elstree au Biggin Hill, haina mipira wala jasho. Tena anga la juu ya London lina wenyewe: sehemu nyingi, kuanzia futi 2,500 tu, ndege ndogo haipandi bila ruhusa. Basi mwenye ndege hawezi kuamua tu kulivuka wingu akatafute hewa kavu juu yake. Amebanwa katikati, kama nyama ya sambusa.

Sasa wasikilizaji watoe kalamu, kwa sababu hapa ndipo taaluma mbili za Mtaalamu zinapokutana. Kabureta ni friji. Ndiyo, andikeni hivyo. Friji hupoza kwa kuvukiza kimiminika, na kabureta huvukiza petroli papo hapo inapoipitisha hewa kwenye koo jembamba. Joto ndani ya koo hilo linaweza kuporomoka kwa nyuzi 20 hadi 30. Matokeo yake, alasiri ya Juni yenye nyuzi 25, watu wamelala Hyde Park wakiota jua, injini inaweza kukabwa na barafu, hasa rubani anaposhuka huku amepunguza mafuta. Ndugu wa Mombasa na Unguja wasicheke, unyevu wa pwani unatosha kabisa kwa kazi hiyo. Ndege ya majini Cavalier ya shirika la Imperial Airways iliangushwa baharini na barafu ya kabureta Januari 21, 1939, kati ya New York na Bermuda. Watu watatu walikufa.

Dawa ipo: mkono mmoja wa kuvuta, unaoingiza hewa ya moto. Tatizo ni kwamba ukiuvuta, injini huweza kukohoa vibaya zaidi, kwa kuwa inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Mwanafunzi huogopa, akaurudisha. Hapo ndipo anapokosea.

Sisi Waafrika Mashariki tunaye mtu wetu katika historia hii, ijapokuwa alizaliwa Uingereza. Beryl Markham alilelewa Njoro, akafunza farasi, akajifunza kurusha ndege. Jioni ya Septemba 4, 1936, alipaa Abingdon peke yake kuelekea New York, ndani ya Vega Gull yenye usajili wa Kenya, VP-KCC. Saa 20 hivi baadaye injini ikazimika, akatua kwa kishindo kwenye kinamasi cha Baleine, Kanada, pua ya ndege ikiwa topeni. Maelezo yanayokubalika ni kwamba matundu ya kupumulia ya matangi yalikuwa yameziba kwa barafu. Yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye dumu analijua hili: usipotoboa tundu la pili, mafuta hugoma. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na aliivuka kwa dumu lililoziba.

Wanaosema hayo ni ya ndege ndogo za kale wakumbuke Heathrow, Januari 17, 2008. Boeing 777 iliyotoka Beijing ilikosa nguvu ikiwa karibu kutua, ikaangukia majani kabla ya kufika njia yake. Mafuta yalikuwa yamepoa njiani hadi nyuzi 34 chini ya sifuri, na barafu kutoka kwenye maji machache yaliyomo ikaziba kifaa cha kuyapasha. Watu 152, wote wakapona.

Mtaalamu sasa atakunywa chai. Maswali yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa kamati. Swali la kama amewahi kurusha ndege halitapokelewa. Liliulizwa mwaka jana, na jibu halijabadilika.