Shemeji na Orodha Yake

Wengi waliowahi kufika Bukavu kwa ndege wamekanyaga Kavumu, na karibu wote hawakumbuki. Uwanja uko kwetu, lakini tiketi iliandikwa Bukavu. Mgeni alikuwa akishuka, anatafuta gari, na baada ya kilomita kama 30 ndipo anavuta pumzi na kusema, "Sasa nimefika." Sisi tulibaki na vumbi la gari lake.

Si kwamba hatuna cha kuonyesha. Magharibi kuna mlima Kahuzi na gorila wake, mashariki kuna ziwa Kivu, na hapo jirani tu kuna Lwiro. Shida ni kwamba sisi wenyeji vitu hivyo hatuvitazami, tunavitumia. Na siku mwenye kutazama na mwenye kutumia wanapopanda pikipiki moja, jambo litatokea tu.

Mtazamaji wangu alikuwa shemeji, kaka yake mama watoto, kutoka Lubumbashi. Shemeji si mtu wa kumwambia "rudi kesho". Alitua miaka ile ndege zikitua bado, shati limenyooshwa, viatu vyeupe pepepe, kamera shingoni, na mfukoni orodha ya mahali pa kuona, imepigwa chapa na kutiwa namba. Namba moja: Kahuzi.

"Shemeji, huo mlima uko mbali?"

"Uko pale tu."

"Pale wapi?"

"Pale penye wingu."

Katika orodha yake, Kahuzi ni volkano iliyozimika, yenye urefu wa mita 3,308. Kwetu Kahuzi ni idara ya hali ya hewa. Ukiuona umevaa kofia ya mawingu mchana, ujue mihogo iliyoanikwa haina muda mrefu nje. Kesho yake kofia ikavaliwa. Mama watoto akapiga ukelele, "Mihogo!" Watoto wakatoka na mabeseni, jirani akatoka na gunia, na shemeji naye akatoka mbio, na kamera. Alisema wingu likishika kilele ndiyo picha yenyewe. Akatafuta mahali pakavu asije akachafua viatu, na pakavu palikuwa pamoja tu: juu ya turubai la mihogo. Akasimama katikati, sisi tukaokota pembeni.

"Shemeji, sogea kidogo."

"Dakika moja, inakuja vizuri."

Mvua nayo ikaja vizuri. Siku kadhaa tulikula bugali lenye harufu ambayo hakuna kamera itakayoweza kuionyesha.

Namba mbili ilikuwa gorila. Kutoka Kavumu unarudi mpaka Miti, unakata kulia, unapanda mpaka Tshivanga. Tulipanda pikipiki: motari alikaa mbele, mimi kati, shemeji nyuma akinisomea orodha sikioni njia nzima: hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ina ukubwa wa kilomita za mraba 6,000, UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kila tulipoingia shimo la barabara, mwaka mmoja ulimponyoka, akauanza upya.

Nyumbani kwetu gorila alikuwa wa kuwatishia watoto wasiotaka kulala. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kulipa ili atishwe.

Mwongoza njia alitupa masharti. Barakoa mdomoni, maana gorila huambukizwa mafua yetu. Hakuna kunyoosha kidole, hakuna kupiga kelele, hakuna kukimbia. Tukamfuata akifyeka kwa panga, akiguna kidogo kidogo kuwajulisha wenye nyumba kwamba tuko njiani. Mara tukalikuta dume lenye mgongo mweupe limekaa, linachuma majani na kutafuna bila haraka. Gorila hawa wa mashariki ya Kongo ndio wakubwa kuliko wote duniani, na lile halikuwa na habari nasi. Shemeji akasimama, akainua kamera. Alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu.

Mtu aliyeingiwa na siafu ana mambo matatu ya kufanya: apige kelele, akimbie, au avue suruali. Mawili ya kwanza yalikatazwa na hifadhi. La tatu lilikatazwa na adabu, kwa sababu mimi ni mume wa dada yake. Basi shemeji akacheza. Alicheza kuanzia kiunoni kwenda chini, kimya kabisa, huku uso wake juu ya barakoa umetulia kwa heshima zote za mtu mzima. Dume likaacha kutafuna. Likageuka, likakaa sawasawa, likamtazama tangu mwanzo wa ngoma mpaka mwisho.

"Papa," mwongoza njia akaninong'oneza, "huyu kwa kawaida hatujali namna hii."

Katika picha alizopiga hapo kuna majani mengi, kuna anga, na kuna kidole chake mwenyewe.

Namba tatu ilikuwa Lwiro. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, na Lwiro ikawa makao yake: majumba yenye matao, bustani, maktaba kubwa, na nyoka waliohifadhiwa ndani ya chupa. Leo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia, na tangu mwaka 2002 hapo pia wanalelewa sokwe yatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Orodha ilisema: "Tenga nusu siku kwa ajili ya usanifu wa majengo."

Sisi Lwiro tunaitumia kwa picha za harusi, na shemeji alichagua kwenda Jumamosi. Alikuwa amepiga goti mbele ya matao, anapima mwanga, msafara wa harusi ukaingia. Shangazi mmoja mwenye kitenge kipya akaiona kamera.

"Papa wa foto, kuya huku! Tunakungojea tangu asubuhi!"

Shemeji alijaribu kujieleza. Lakini kwetu mtu aliyeshika kamera nzuri, akavaa viatu vyeupe, halafu akasema yeye si mpiga picha, anaonekana anataka kuongezewa pesa. Wakamwongezea. Akapiga bwana harusi na bibi harusi, wakwe, wasimamizi, kwaya, na mtoto mmoja aliyekataa kucheka. Mimi nilipewa sahani ya wali na kazi ya kushika mwavuli. Jioni mpiga picha mwenyewe akafika, pikipiki imemharibikia njiani, akakuta ameshachukuliwa kazi. Mpaka leo shemeji hana picha hata moja ya usanifu wa Lwiro ambayo haina shangazi wa mtu mbele yake.

Ya mwisho ilikuwa mbalamwezi juu ya ziwa Kivu. Tulikwenda kando ya ziwa usiku wa mwezi mpevu, tukawekewa viti karibu na maji. Shemeji akauliza kama kuna mamba. Nikamwambia Kivu haina mamba wala kiboko. Akanyoosha miguu. Nikamwambia kilichopo ni gesi, methani na kaboni dayoksaidi, nyingi ajabu, imelala chini kwenye kina kinachofika mita 480 hivi. Akavuta kiti nyuma.

"Basi tule sambaza," akasema.

Samaki hao, sambaza, hawakuwa wa hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea kuliko wenyeji. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu sambamba kwa miti mirefu, hushusha wavu, huwasha taa, na samaki huifuata taa. Usiku wa mwezi mpevu ziwa zima limewaka, hakuna sambaza atakayehangaika na taa ya mtu. Wavuvi walikuwa nchi kavu wakishona nyavu, na mama muuzaji akatutajia bei mara mbili ya ile ya kawaida.

"Mama, mbona hivyo?"

Akanyoosha kidole juu. "Muulize yule."

Shemeji akalipa, akala, akautazama mwezi kama mtu anayetazama bili.

Februari 2025 vita vilifika kwetu, uwanja ukatekwa, ndege zikanyamaza. Shemeji hupiga simu kutoka Lubumbashi, na haulizi tena habari za mlima wala gorila. Anauliza sambaza ni bei gani. Amejua kwamba wavuvi wakilala ziwani samaki hushuka bei, na wavuvi hawalali ziwani penye risasi. Kwa swali hilo moja anapata habari zetu zote bila kumtia dada yake machozi.

Juzi mama watoto alimtajia bei, na ilikuwa juu. Simu ikanyamaza kidogo.

"Dada, toka nje," akasema. "Niangalizie mwezi kwanza, ndipo nianze kuwaombea."