Namna ya Kupigana na Shetani Peke Yako: Mwongozo kwa Mkristo wa Kindu

Kabla ya yote, usimwambie mtu. Shirikani, pale jumuiya ya mtaa inapokutana, mama mmoja atauliza nani ana shida ya kuombewa. Ombea safari ya shemeji, ombea mvua, ombea treni ya Lubumbashi ambayo haijaonekana. Pombe ya lotoko inayouzwa nyuma ya nyumba yako usiitaje. Ukiitaja tu, akina mama watatu wataanza kuja kukusalimu kila jioni, saa ileile uliyozoea kutoka, na watapiga soga mpaka muuza lotoko aende kulala. Ushujaa wako utakuwa umekwisha hapo.

Wakimbangu waache na mambo yao. Tangu Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri mwaka 1921 wamekatazana pombe, tumbaku na dansi, wote kwa pamoja, hata anayekataa glasi haonekani mtu wa ajabu. Huo ni urahisi usiokufaa mwanaume mwenye diploma.

Sasa sogea karibu na jaribu lenyewe. Yusufu alipokamatwa na mke wa Potifa aliacha vazi lake akakimbia, jambo gumu kwa mtu mwenye shati moja la Jumapili. Wewe kaa. Vuta kiti cha plastiki, agiza maji baridi, watazame wenzako wakinywa ili upime nguvu ya ubatizo wako. Rafiki atakwambia, “Yaya, kamoja tu.” Mjibu kwa mstari wa Biblia huku glasi iko mkononi. Yesu naye alimjibu Shetani kwa Maandiko mara tatu, ingawa yeye alikuwa jangwani amefunga siku 40, hakwenda kuulizia bei.

Kwa majaribu ya mwili tunao mto. Lualaba hauna daraja hapa mjini, kwa hiyo anayetoka Kasuku au Mikelenge kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, hupanda mtumbwi. Wapo wanaoamini kwamba Mungu hubaki bandarini akingoja zamu yake, na kwamba linalotendwa ng'ambo halivuki kurudi. Tatizo ni kuwa mpiga kasia ni jirani yako, mzee aliyekaa mbele anaimba nawe kwaya moja, na yule mama mwenye kikapu cha mihogo ni dada wa mke wako. Mungu angalau ana huruma, tena hasimulii.

Ofisa mwenye muhuri ana njia yake. Asiseme rushwa, aseme matabishi. Asubuhi aombe aondolewe tamaa, kisha aache droo wazi kidogo, ili Bwana apate nafasi ya kujibu.

Ukianguka, tafuta wa kumlaumu: pepo, ukoo, mchawi wa upande wa mama mkwe. Yakobo aliandika kwamba mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe, lakini waraka huo ni mfupi, unaweza kuuruka. Kwa padri usiende kabisa. Atakusikiliza bila kushtuka, maana hayo ameyasikia tangu asubuhi. Atakupa sala fupi na kukuambia uende kwa amani, nawe usiku hutakuwa na cha kujitesa nacho. Usikumbuke pia kwamba Waraka kwa Waebrania unamtaja Kristo aliyejaribiwa kama sisi katika yote. Ukilikumbuka hilo utaona kwamba unayemwomba anakuelewa, na aibu, ambayo ndiyo silaha kubwa ya mpweke, itaanza kuyeyuka.

Hapa kejeli ipumzike. Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa ofisa wa waasi wa Simba, na ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985 mjini Kinshasa, husifiwa kana kwamba alisimama peke yake. Sivyo. Alikuwa na masista wenzake wa Jamaa Takatifu, waliochukuliwa pamoja naye kutoka Bafwabaka, na mama mkuu wao alijaribu kumtetea. Mbele yake hapakuwa na kishawishi cha kumbembeleza. Palikuwa na mtu mwenye silaha. Naye alimsamehe muuaji wake kabla ya kufa.

Wewe unayeshindana na glasi, nani kakudanganya kwamba huhitaji wenzako?