Ombi la Ruzuku ya Uzalendo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Dodoma.

YAH: OMBI LA RUZUKU YA UZALENDO KWA MNUNUZI WA KABATI LA NGUO

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mpangaji wa vyumba viwili Temeke na msikivu mzuri wa hotuba. Kila Sabasaba mkituhimiza tupende vya kwetu, napiga makofi mpaka viganja vinawaka, kisha natoka getini Barabara ya Kilwa kwenda kutafuta kabati. Hapo ndipo mgogoro wangu na Taifa unapoanza.

Keko si mbali. Kuna kabati la mninga la milango mitatu, zito kiasi kwamba wabebaji wanne hulijadili kwanza kabla ya kuligusa. Fundi anasema wajukuu zangu watalirithi. Simbishii, ila bei yake nayo inafaa ilipwe na vizazi viwili. Kariakoo kuna jingine, limesafiri kutoka China likiwa limelala ndani ya boksi, kwa bei isiyofika nusu. Hilo ni unga wa mbao ulioshikwa na gundi. Linapendeza mpaka siku ya kuhama, skrubu zinapogoma kurudi kwenye matundu yake, au mpaka masika maji yapite chini ya mlango na miguu yake ianze kuumuka kama andazi.

Kwa hesabu ya miaka kumi, la mninga ndilo rahisi. Lakini mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na miaka kumi haipokei. Ndiyo maana watu wa mtaani kwetu hununua kitu cha bei nafuu mara tatu: hela ya kununua kizuri mara moja haijawahi kukaa pamoja mfukoni.

Najua mmetuhurumia. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia daraja jipya la ushuru wa forodha, asilimia 35, na fenicha zikawekwa humo. Mzigo uliothaminiwa shilingi 100,000 bandarini unafika 135,000. Weka VAT ya asilimia 18 juu yake, unakuwa 159,300, tozo nyingine bado. Kwa hiyo kabati la Kariakoo limepanda, la Keko limebaki palepale lilipokuwa, na aliyesaidiwa ni mimi. Ahsanteni.

Ushuru huo haukuuliza kwa nini mninga ni ghali. Ubao wa Tabora au Katavi unaanza safari na kibali cha kuvuna, alama ya nyundo, hati ya kusafirishia na ushuru wa halmashauri, na kwenye kila kizuizi cha mazao ya misitu unasimama kusalimia wenyeji. Sivipingi vibali, bila hivyo miombo ingeshakuwa mkaa. Ninachoshangaa ni kwamba kabati la Foshan, China, likishavuka geti la bandari, sijaona kizuizi kinacholiuliza mti wake ulikatwa wapi na kwa ruhusa ya nani.

Tena hilo la kwetu ukilifungua, bawaba na vitasa mara nyingi vimekuja kwa meli ileile. Umeme nao ukikatika mashine ya randa inanyamaza, fundi anacheza drafti, na mimi naambiwa nipite kesho.

Hivyo naomba tofauti ya bei ya makabati haya mawili ilipwe na Hazina kwa kuonyesha risiti ya EFD. Kama Hazina imebanwa, basi itolewe amri uzalendo upokewe Keko kama fedha halali. Mimi ninao mwingi, hata chenji sitadai. Fundi naye apate mkopo wa mbao wenye riba ya kibinadamu, maana kwa sasa benki yake ni mimi na advansi yangu. Na wewe Mheshimiwa, ukipata nafasi, pindua kiti unachokalia usome kibandiko chini yake. Matokeo si lazima uyatangaze.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpangaji, Temeke.

Nakala: Fundi wangu, Keko (asome akimaliza kitanda alichoniahidi kabla ya Pasaka).